Majalada ya watumishi yatumike kupanga ikama

Ndugu Mhariri,

Uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma nchini mwaka 2017 uliwataja watumishi 9,932 kuwa na vyeti vya kughushi, na tangu hapo wengi wetu tumeziona taarifa za watumishi kama chombo cha kunasia wakosaji tu. Inasikitisha. Kwa kuwa umri wa kustaafu kwa lazima ni miaka 60, tarehe ya kuzaliwa iliyomo katika jalada la muuguzi wa zahanati ya kijijini humwonyesha mwajiri, miaka mingi kabla, ni lini nafasi hiyo itabaki wazi na nani apelekwe masomoni sasa. Naziomba halmashauri ziyasome majalada hayo kila zinapoandaa ikama, yaani mpango wa idadi ya watumishi wanaohitajika, na bajeti, na mtumishi naye aruhusiwe kusahihisha yaliyoandikwa juu yake.

Msomaji wako,
Dodoma