Barua kwa somo: kisima changu na njuka wa kidato cha kwanza mwaka huu

Muheza,
Jumapili jioni, Desemba.

Somo yangu,

Salamu nyingi. Huku sote wazima. Mama anakusalimu, anauliza utakuja lini kula maembe maana mwaka huu yamebeba mpaka matawi yanagusa bati. Vuli imekawia, kisha imekuja yote kwa mkupuo, umeme umekatika toka jana na simu imezima. Ndiyo maana unapata barua badala ya zile sauti zangu za dakika kumi unazozilalamikia.

Nataka kukujibu lile ulilonirushia juzi, kwamba hawa watoto ninawadekeza. Ulisema mtoto aliyemaliza la saba Septemba ana karibu miezi minne ya kukaa bure, basi apigwe Kiingereza tu asubuhi na jioni, Januari akifika darasani kwako sekondari, ambako masomo ni kwa Kiingereza, asikukodolee macho. Nilinyamaza kwa sababu salio lilikuwa linaisha. Sikukubali.

Nilianza vilevile unavyotaka wewe. Walikuwa watatu, mtoto wa dada na wawili wa jirani. Nilichukua mlango wa lile kabati kuukuu, nikaupaka unga wa betri, nikauegemeza kwenye mwembe. Nikatoa madaftari yangu ya kidato cha kwanza, nikaandika Fizikia mada ya kwanza, Kiingereza mwanzo mwisho. Wakanakili vizuri sana, hati zinavutia. Wiki ya pili mmoja hakuja. Mama yake nikakutana naye mashine ya kusaga, akaniambia mwanawe amesema fizikia haimtaki. Ameisoma siku nane tu!

Siku chache baadaye yule mtoto kaja nyumbani, si kusoma, kaja kibarua cha kuhamisha mchanga, kaka alikuwa anajenga choo. Anasukuma toroli limejaa, jasho linamtoka, mara anasema kama anayejisemea, "Hii nyenzo daraja la pili, mzigo uko katikati." Nikamwita. Nikamwuliza egemeo liko wapi, akapiga gurudumu teke. Jitihada? Akainua mikono miwili iliyoshika mpini. Nani kakufundisha? "Si tulisoma, mwalimu." Kwenye daftari lake, somo, ukurasa wenye maneno hayohayo matatu kwa Kiingereza aliuacha wazi, ameandika tarehe tu. Nilichukua chaki nikaandika "load" ubavuni mwa toroli, "effort" kwenye mpini, na "fulcrum" pembeni ya gurudumu. Alilizunguka lile toroli mara mbili anasoma. Halafu akauliza, "Kwa hiyo ni haya haya?"

Ni haya haya. Swali lake lilinikosesha usingizi. Huyu mtoto miaka saba amefundishwa kwa Kiswahili, na vizuri tu. Usanisinuru anautaja kama jina la jirani. Anaujua mmeng'enyo wa chakula toka mdomoni hadi utumbo mpana. Kisha likizo moja inapita, anaingia darasa ambalo kila kitu kimebadilishwa jina, na hakuna aliyemwambia kwamba vitu ni vilevile. Anadhani ujinga umemwingia Desemba.

Nawe usijifanye umesahau. Unakumbuka kisima changu? Mwalimu wetu wa Baiolojia aliandika ubaoni tuchore "a well labelled diagram" ya seli ya mmea. Nilikwenda nyumbani nikafungua kamusi, "well" ni kisima. Nikachora kisima cha haja, na kamba, na ukingo wa mawe, na nyasi za kijani pembeni. Ile seli nikaichora ndogo chini ya kisima, nikijua hayo ndiyo mambo ya sekondari. Kumbe alitaka mchoro ulioandikwa vizuri majina ya sehemu zake! Alilinyanyua daftari langu mbele ya darasa zima. Darasa likapasuka. Wewe peke yako hukucheka, nikakupenda tangu siku hiyo, kumbe mwenzangu umelikalia daftari lako kwa sababu na wewe umechora, tena wako una ndoo. Ulikuja kuniambia kidato cha tatu! Mimi baada ya pale sikunyoosha kidole darasani mpaka upimaji wa kidato cha pili ukapita.

Kwa hiyo nilibadilisha mpango. Nikawaambia kila mtu aje na madaftari yake ya la saba, hata yaliyoliwa na panya. Tunafungua walichokwisha kukijua, tunakieleza kwa Kiswahili mpaka kinanyooka, ndipo tunakivisha jina jipya. Wakatoka watatu wakafika kumi na mmoja, na yule wa toroli ndiye monita.

Kilichonishangaza ni kwamba maneno magumu ya kisayansi si tatizo kubwa. Hayo wanayapenda, wanatamba nayo barabarani. Kinachowaua ni yale madogo ya kwenye swali. Taja, eleza, fafanua, toa sababu, linganisha. Mtihani wao wa la saba sehemu kubwa ni kusiliba herufi ya jibu. Mtoto anaweza kupata A bila kuwa na mazoea ya kuandika sentensi tatu zinazofuatana. Sasa mpe "explain" na "mention" akiwa anadhani ni kitu kimoja, ataandika orodha mahali pa maelezo, utamkata alama, atarudi kukariri. Wiki nzima tumecheza na maneno kumi na mawili ya namna hiyo. Swali lilelile, kichwa tofauti, jibu linabadilika vipi. Wanajibu kwanza kwa mdomo, kisha ndipo waandike.

Na kila siku kabla ya kuondoka kila mmoja anapaza sauti, kwa Kiingereza, kwamba hajaelewa na anaomba mwalimu arudie. Wanapiga kelele mpaka kuku wanakimbia. Majirani wanadhani nimeanzisha kanisa. Nataka hayo maneno yazoee mdomo ili Januari yatoke yenyewe, na nakuomba kwa urafiki wetu, mtoto akikwambia hivyo darasani kwako, usimwulize alikuwa wapi ulipokuwa unafundisha. Najua una mikondo mingi na koo lako halipumziki. Hata hivyo.

Majina ya waliochaguliwa yametoka, na wengi wao wamepangiwa ile shule ya kata ng'ambo ya bonde. Jumamosi iliyopita tulikwenda kwa miguu, njia watakayopita. Nilitazama saa, saa moja na dakika ishirini kwenda tu, tena bila mvua. Mlinzi alikuwa muungwana akatufungulia. Wavulana walikimbilia uwanja wa mpira. Wasichana waliniuliza choo kiko wapi na kama bomba linatoa maji, nikajua swali lenyewe ni lipi. Kwa bahati binti mmoja wa kidato cha tatu alikuwa shuleni anafua sweta yake, nikawaachia, nikasogea pembeni. Walizungumza muda mrefu. Njiani kurudi bodaboda wawili walipunguza mwendo kwa nyakati tofauti, wanawaulizia mabinti kama wanataka lifti, bure. Mimi nimo katikati yao na kanga yangu! Tulikaa chini palepale kwenye kalvati tukazungumza kuhusu hiyo "bure". Nimewapanga watembee kwa makundi kulingana na vitongoji, na akina mama wawili wamekubali kuwasindikiza mpaka barabara kuu alfajiri.

Fomu za kujiunga nazo zimefika, na hapo ndipo wazazi wanapopata homa. Ada hakuna tangu 2016, hilo kila mtu analijua, lakini fomu ina sare pea mbili, kaunta buku, mkebe, rimu, fagio, kwanja. Baba mmoja alitaka mwanawe asubiri mpaka auze machungwa. Nikamwambia serikali imeshatamka zaidi ya mara moja kwamba mtoto asirudishwe nyumbani kwa kukosa sare. Ampeleke siku ya kwanza na sare yake ya msingi, mengine atamalizia kidogokidogo. Tulikaa na fomu tukaweka tiki kwenye vya Januari na duara kwenye vya baadaye. Akashusha pumzi. Kwanja analo, tena kali.

Kuhusu ajira usiniulize. Nimetuma maombi tena, nasubiri.

Ombi langu kwako ni hili. Njuka wako watakapoingia, ile wiki ya kwanza, kabla hujafungua kitabu, waulize kwa Kiswahili wanajua nini kuhusu mada unayotaka kuanza nayo. Dakika kumi tu. Waache waseme. Ukiona nimekudanganya, andika utukane. Na uniwekee pembeni maneno yanayowakwaza zaidi huko kwenu, niongeze kwenye orodha yangu, kwa sababu 2027, kwa ule mtaala mpya wa msingi wa miaka sita, darasa la sita na la saba watamaliza pamoja, na sijui huu mwembe utawatosha.

Barua nampa kondakta wa basi la alfajiri, akikusumbua na nauli ya bahasha mwambie nimeshalipa.

Jambo la mwisho. Jana niliwapa zoezi, wachore "a well labelled diagram" ya toroli. Sikuwaeleza chochote, niliwatega. Wanane walichora toroli lenye majina yake. Watatu wamechora kisima. Nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha nikawasimulia changu, na chako, nisamehe. Sasa wote wanataka kukuona. Mchoro mmoja nimekuwekea ndani ya bahasha. Una ndoo.

Wako,
Somo