PhD ya saikolojia tiba: tuambieni wanafunzi wapya ni akina nani na wanakuja kutuuliza nini

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Najua barua ndefu huwa mnazikata ila hii nawaomba mkate kwa huruma. Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Sakina, Arusha, aliuliza kwenye ukurasa huu eti mtu asome mpaka PhD ya saikolojia tiba, ile ya kutibu shida za akili kwa mazungumzo, ili iweje, kuongea na watu nako kunataka udaktari, mbona bibi yake kijijini anaongea na watu kila siku na wanatoka pale wametulia. Nilicheka, alafu nikakereka kidogo, kwasababu ukweli ni kwamba miaka miwili nyuma hiyo barua ningeiandika mimi.

Mi nina steshenari hapa Moshi, ukielekea hospitali ya KCMC. Fotokopi, printi, baindingi, picha za pasipoti, na soda kwenye friji. Wateja wangu nusu ni wanafunzi kwahiyo proposali na madodoso yaliyopita mikononi mwangu siwezi hata kuhesabu, na siyo kwamba nasoma vitu vya watu makusudi, ila ukiwa umesimama unasubiri kurasa 80 zitoke kwenye printa yenye mgomo macho yanasoma yenyewe, utayafanyaje.

Sasa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa Kibosho, mwaka jana kaenda Marekani kuanza hiyo PhD. Huyu binti alianza na uuguzi, akafanya kazi wodi ya mifupa, alafu akaajiriwa kwenye mradi wa utafiti akawa anazunguka nyumba kwa nyumba Hai mpaka Rombo na kishkwambi anauliza watu maswali, mvua yake jua lake, mbwa wake pia. Akaja akasoma masters ndo akaomba huko. Wiki ya kwanza darasani wakaambiwa kila mtu ajitambulishe, umetokea wapi, ulikuwa unafanya nini na unataka kutafiti nini, na jioni akanitumia voisi ya dakika 11 akiniadithia. Wapo saba tu. Saba! Mi nilijua ni ukumbi mzima kama lekcha za huku.

Nikadhani pia watakuwa watoto wa vitabu watupu, wametoka shule wameingia shule. Yupo mmoja kweli wa hivo, na hata yeye baada ya digrii alikaa miaka miwili kwenye maabara ya profesa, maabara yenyewe haina chupa wala darubini, ni kupanga miadi ya watoto wenye hofu, kuwalipa wazazi nauli na kusafisha data, na mpwa wangu anasema hiyo ndo njia iliyozoeleka kule kabla hujaomba. Ila wengine sasa! Mmoja alikuwa mwanajeshi, anataka kutafiti ndoto mbaya za waliorudi vitani. Mwingine alifundisha chekechea akawa anawaona watoto wenye usonji wanachelewa kutambuliwa kwa miaka, anataka kujua kwanini kwa maskini inachelewa zaidi. Kuna aliyepiga fidla mpaka anagonga miaka 30, huyo simwelewi vizuri, ni mambo ya woga wa jukwaani, tuyaache. Na dada mmoja baba yake ni mlevi na hakuficha mbele ya darasa, anataka kujua mtu aliyeacha pombe kinachomrudisha ni nini.

Aliyenigusa mimi ni mtoto wa wakimbizi. Tangu ana miaka tisa ndo alikuwa anamtafsiria mama yake hospitali, mama anasema kwa lugha ya kwao, mtoto anamwambia daktari kwa Kiingereza. Na anakumbuka vitu alivyokuwa anaviruka, vingine kwasababu hajui neno lake na vingine kwasababu mtoto hawezi kutamka kitu kama kile kuhusu mama yake. Huyo anataka kutafiti hicho hicho, kinachopotea njiani pale mgonjwa anaposemewa na mtoto wake. Nilisimamisha ile voisi nikarudia. Jamani, nani huku kwetu hajawahi kumsemea mama yake anayeongea Kichaga tu mbele ya daktari, na ukaruka maneno?

Mpwa wangu anasema kuna maprofesa hawapendi mtu atafiti kidonda chake, wanahofia ataona anachotaka kuona. Hofu yenyewe ina maana, mi nimeona hata hapa dukani, mtu ana majibu kabla dodoso halijatoka kwenye printa. Ila kuna yule Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Marekani aliyetengeneza tiba ya mazungumzo inayoitwa DBT kwa watu wanaojidhuru. Mwaka 2011 alirudi kwenye hospitali ile ile aliyolazwa akiwa na miaka 17 akasema mbele za watu kwamba alikuwa mgonjwa wa hivo hivo. Sasa huyo ungemkataa kwenye usaili kwasababu anaijua shida kwa karibu mno?

Na mpwa wangu mwenyewe anataka kutafiti nini? Bodaboda. Vijana waliopata ajali wakapona mguu wakarudi barabarani. Kule wodini alikuwa anaona kijana amefungwa vyuma, usiku lori likipiga honi barabarani anaamka anapiga kelele, asubuhi ukimuuliza anakwambia nilikuwa naota tu sista. Alafu miezi mitatu mbele unamkuta stendi anaita abiria. Anataka kujua hiyo wanayoiita PTSD, yaani mshtuko unaobaki akilini baada ya tukio baya, anaipata nani kati yao na haimpati nani, na pombe inaingiaje hapo. Wenzie walimuuliza bodaboda ni nini, ikabidi aonyeshe picha, na picha aliyokuwa nayo kwenye simu ina watu wanne na mbuzi.

Pombe nimeitaja makusudi maana hapa KCMC kwenyewe kwenye idara ya dharura kuna kitu kilianzishwa kinaitwa Punguza Pombe Kwa Afya Yako, mtu aliyeletwa ameumia na alikuwa amekunywa, muuguzi anakaa naye kitako, wanaongea kwa muda mfupi tu kuhusu unywaji wake, bila kumfokea. Na watafiti wakawa wanafuatilia kama anapunguza kweli. Hapo kwenye kufuatilia ndo namjibu ndugu yangu wa Sakina.

Ndugu, bibi yako yuko sawa kabisa. Zimbabwe kuna daktari wa magonjwa ya akili anaitwa Dixon Chibanda, tangu 2006 wanawafundisha mabibi wanakaa na watu kwenye benchi nje ya kliniki, wanasikiliza. Mabibi kama wa kwako. Tofauti ni kwamba wamefundishwa hatua kwa hatua, alafu wakapimwa, wagonjwa wengine wakapewa benchi na wengine huduma ya kawaida, na matokeo ya 2016 yakaonyesha waliopita kwenye benchi wana nafuu zaidi. Na usiende mbali, hapa hapa Moshi na Bungoma kule Kenya, watoto 640 waliofiwa na mzazi, wa miaka 7 mpaka 13, wa mjini na wa vijijini, nusu walikaa na washauri ambao ni watu wa kawaida tu waliopewa mafunzo. Aliyeongoza ni Shannon Dorsey, ana PhD ya saikolojia na anafundisha University of Washington, na matokeo yalitoka 2020, na hayakuwa sawa kila sehemu, kuna tiba iliposaidia wazi wazi na kuna ambapo tofauti haikuonekana. Sasa bibi atajuaje kwamba pale hakusaidia? Mtu akimpita siku nyingine anamwambia shikamoo bibi nimepona, basi. Ndo maana Wamarekani walikaa mwaka 1949 mjini Boulder wakakubaliana mwanasaikolojia tiba asomee vyote viwili, kutibu na kutafiti, na ndo maana inachukua miaka mitano sita na mmoja katika hiyo ni wa kufanya kazi kliniki muda wote. Dawa kwa kawaida haandiki, hilo ni la daktari wa magonjwa ya akili. Na ukienda kwake siyo kwamba unapelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, huo utani wetu umewazuia watu wengi sana kwenda kuonwa, mimi nikiwemo, mwaka niliofiwa na mama nililala masaa mawili kwa usiku miezi minne nikaishia kununua vitamini.

Haya, la kwangu sasa.

Siku moja dada mmoja alileta dodoso lililotafsiriwa nimpigie nakala 150. Ni yale maswali tisa, PHQ-9, ya kupima sonona (depression), unajipa alama 0 mpaka 3 kila swali kwa wiki mbili zilizopita, jumla 27. Alikuwa ametafsiri mwenyewe usiku, kuna mahali Kiingereza kinasema "feeling down" yeye kaandika "kujisikia chini". Kulikuwa na mama amekaa kwenye benchi anasubiri picha za pasipoti, akaomba aone, akasoma, akauliza, "Chini wapi mwanangu?" Yule dada akabaki kimya. Mama akamwambia sisi tunasema nina mawazo, au moyo umekuwa mzito, au sina raha na kitu. Dada akachukua karatasi zake akarudi kwanza kwa supavaiza, mi nikakosa hela ya kopi 150 siku hiyo, na sikuumia.

Mpwa wangu alinitumia habari ya mtu anaitwa Arnett, aliyepekua majarida makubwa ya saikolojia ya Marekani akaandika 2008 kwamba asilimia 96 ya watu waliotafitiwa mle ni wa nchi za Magharibi, na 68 ni Wamarekani wenyewe. Sisi wengine wote tumegawana zile 4. Kwahiyo akili ya binadamu inayofundishwa vyuoni ni ya kwao kwa sehemu kubwa, sonona ya kule, hofu ya kule. Na sasa hivi watafiti ndo wanakuja kwetu, vizuri, karibuni, ila tunajibu maswali tu, hatujui anayeuliza ametokea wapi na kwanini kachagua hilo.

Ombi langu kwa vyuo, na kwa gazeti hili kama mtakubali: kila mwaka mkipokea wanafunzi wa PhD na masters kwenye mambo haya ya akili, watambulisheni kwa Kiswahili. Simtaki GPA yake. Andikeni alikuwa nesi, alikuwa mwalimu Longido, alilea mdogo wake mwenye kifafa, anataka kutafiti wapagazi wa mlimani, au wajane, au watoto wa migodini Mererani. Mtu akisoma atasema ah, hili la wajane nenda kanisani kwetu Jumatano utawakuta arobaini, au atasema hilo swali lako hapa halitajibiwa na mwanamke mume akiwepo. Na kwenye usaili mumpe alama yule aliyezunguka na kishkwambi kwenye mvua, msiangalie cheti peke yake.

Ukurasa mmoja wa A4 unatosha. Mkinitumia nitauprinti kwa tona yangu, bure, nibandike mlangoni pale kwenye tangazo la vyumba vya kupanga, maana lile ndo linasomwa na kila mtu. Na yule mama wa picha za pasipoti nina namba yake, amesema mkiwa na dodoso lingine mumpigie.

Mwenye steshenari,
Moshi