Msituulize tena kwa nini hatuuzi wiki za Disneyland Paris

Malalamiko ya wateja wetu sisi mawakala wa safari huja kwa maneno tofauti lakini shina lake ni moja. “Nyie mnatukata hela kila tukisafiri, kwa chumba kilekile. Wenzetu Marekani wananunua pointi mara moja, wanakwenda wao na wajukuu. Mbona Paris hamtuambii?” Juzi baba mmoja wa Milton Keynes, hapa Uingereza, alinimalizia kabisa kwenye simu. Alisema mawakala tunaficha makusudi, maana mteja akishakuwa na chumba chake sisi hatuna kazi. Nikamwambia nitalijibu kwa maandishi, kwa sababu hayuko peke yake.

Kaka yangu, hakuna kilichofichwa. Disneyland Paris hawauzi taimshea, yaani haki ya kulala wiki fulani kila mwaka unayoinunua mara moja. Ile klabu ya Disney, ambako badala ya wiki unanunua pointi za kulipia usiku, ilianza Florida mwaka 1991, na majumba yake yako Marekani tu: Florida kwa wingi, halafu California, South Carolina na Hawaii. Ulaya halipo hata moja. Kwa hiyo swali linalobaki ni kama ingefaa walete huo mpango Ufaransa. Nasema haifai, na anayenisikiliza ajue nasema hivyo nikiwa mtu anayekaa upande wa pili wa meza, ambako mkataba unakuja baada ya tabasamu za muuzaji kwisha.

Tuanze na usiku mnaolala. Kila mtu anayenipigia kuhusu taimshea ananiambia “sisi twenda kila mwaka”. Nikifungua faili lake naona walikwenda, wakaruka mwaka, wakaenda tena, na kila mara walilala usiku mbili au tatu. Hilo si la familia zetu tu. Bustani ya Disney ilipofunguliwa Marne-la-Vallée, nje ya Paris, tarehe 12 Aprili 1992, ikiwa na vyumba kama 5,200, walioupanga mradi walitarajia wageni wakae siku kadhaa kama wanavyokaa Florida. Wageni wakaja na RER A, treni ya mjini Paris, wakazunguka, jioni wakarudi Paris, mwendo wa dakika arobaini hivi. Majira ya baridi ya kwanza hoteli ya Newport Bay Club, yenye vyumba zaidi ya elfu moja, ilifungwa kwa kukosa watu. Deni likapanda mpaka 1994 ikabidi mikopo ipangwe upya na Mwanamfalme Al-Waleed bin Talal wa Saudia aingize fedha zake.

Enzi zile ningeelewa mtu wa fedha akisema tuuze wiki, tupate pesa ya haraka. Lakini tangu 2017 Disney wameinunua yote kampuni inayomiliki Disneyland Paris. Hoteli yao kubwa pale getini wameikarabati na kuifungua tena Januari 2024 ikiwa na nyota tano. Mtu anayeweza kupandisha bei ya chumba kila msimu ana haja gani ya kukuuzia leo usiku wa mwaka 2060 kwa bei ya leo? Akikuuzia, ujue hesabu yake ameshaipiga.

Na hesabu yenyewe iko kwenye ada ya matunzo. Hapa ndipo wateja wetu wanapoteleza. Wanaona bei ya kununua, wanaigawa kwa miaka, wanafurahi. Ada ya kila mwaka hawaiulizi, na wakiuliza wanaambiwa ya mwaka huu. Inapanda. Paa likivuja, lifti ikifa, mshahara wa wasafishaji ukiongezwa, yote yanarudi kwa wenye wiki, waende wasiende. Hata Disney wenyewe iliwahi kuwaponyoka: mwaka 2011 kwenye jumba lao la Aulani, Hawaii, walisimamisha mauzo baada ya kugundua ada ya mwaka ilikadiriwa chini mno, na wakubwa kadhaa wakapoteza kazi. Kama wao na wahasibu wao walikosea, wewe unayesaini ukiwa na mtoto analia kwenye kigari utaikadiria vipi?

Halafu kuna kodi. California, kwenye jumba la pointi lililofunguliwa 2023, mwenye pointi bado hulipa kodi ya malazi ya jiji kwa kila usiku anaolala. Mkataba wa jumba hilo unaisha 2074. Ufaransa nako kodi ya kulala ipo, na kwa mkoa wa Paris ilipanda sana 2024. Sioni jinsi mwenye wiki angeikwepa.

Sasa nieleze kisa cha mama wa Leicester, maana yeye ndiye aliyetuita wezi hadharani kwenye kundi la WhatsApp la harusi. Huyu dada alikuja kuuliza bei ya Agosti mapema kabisa, tukampa. Akaona ghali. Kuna mtu akamwambia mtandaoni watu wanatoa wiki zao za taimshea za Tenerife, kisiwa cha Hispania, kwa pauni moja. Ni kweli, wanatoa, na angejiuliza kwa nini mtu agawe nyumba kwa bei ya peremende. Akachukua. Mpango wake ulikuwa aiingize wiki ile kwenye mtandao wa kubadilishana, atoe Tenerife achukue Paris. Akalipa ada ya matunzo ya mwaka. Akalipa uanachama wa mtandao. Akalipa ada ya kubadilisha. Akaomba Agosti, vyumba viwili vya kulala, karibu na bustani. Akangoja. Kilichokuja ni wiki ya Novemba, shule zimefunguliwa, watoto wanne wana mitihani.

Alirudi kwetu Julai. Chumba kile tulichompa bei mwanzo kilikuwa kimepanda, na cha pili cha kuungana nacho hakipo. Ndipo akasema tumempiga. Risiti zake zote alizileta kwenye mfuko wa plastiki, tukaziweka mezani, nikazijumlisha mbele yake kwa kalamu nyekundu. Fedha aliyotoa kabla hajalala usiku hata mmoja ilishazidi tofauti aliyokuwa anaikimbia. Rahisi huvunja upishi, lakini siku ile sikumwambia hivyo, nilimtafutia kibanda msituni.

Na bado hawakumwacha. Baada ya miezi akapigiwa na mtu mwenye sauti ya kistaarabu: “Tutakutoa kwenye mkataba, tanguliza ada ya mwanasheria.” Safari hii alitupigia kwanza. Mtu yeyote anayekupigia bila kumtafuta na kutaka utangulize hela ili akutoe kwenye taimshea, kata simu.

Wapo watakaosema Disney si kama hao wa Tenerife. Sawa, jina ni kubwa na majumba ni mazuri. Lakini mkataba wa taimshea ni mkataba wa taimshea. Wengi husema biashara hii ilianzia hukohuko Ufaransa, Superdévoluy kwenye milima ya Alps mwaka 1967, kwa wazo kwamba usikodi chumba, nunua hoteli, ni nafuu zaidi. Wafaransa waliishi nayo mpaka wakaitungia sheria mwaka 1986. Kwa sheria hiyo unayenunua hupati nyumba, unapata hisa za kampuni yenye jengo, pamoja na wajibu wa kuchangia gharama. Kuingia ni kalamu moja, kutoka ni kesi. Watoto waliorithi hisa za wazazi wamehangaika miaka mpaka sheria ikalegezwa. Hispania nako mahakama kuu imefuta mikataba isiyo na mwisho, kwa kuwa sheria yao ya 1998 inataka isizidi miaka 50.

Mjue pia haki yenu, wauzaji hawaitaji kwa sauti. Umoja wa Ulaya, kwa agizo namba 2008/122, na Uingereza kwa kanuni za 2010, vinakupa siku 14 za kujitoa bila kutoa sababu, na ndani ya siku hizo muuzaji haruhusiwi kupokea hata senti. Akikuambia “weka kianzio leo bei isipotee”, ameshavunja sheria kabla hujamaliza juisi uliyopewa.

Jambo la viza linatuhusu sisi kuliko mtu mwingine, na hakuna muuzaji wa wiki anayelifikiria. Nyumba nyingi tunazozihudumia zina pasipoti za rangi mbalimbali: watoto wana ya Uingereza, mama ana ya Tanzania au Kenya. Mwenye pasipoti ya kwetu anahitaji viza ya Schengen, ile ya kuingia Ufaransa na wenzake wa Ulaya, hata kama anaishi London miaka ishirini. Ombi la viza hupokelewa si zaidi ya miezi sita kabla ya safari. Klabu ya Disney Marekani inafungua nafasi miezi 11 kabla kwa jumba lako, na miezi 7 kwa mengine, na tarehe nzuri za likizo huondoka mapema. Maana yake ungefunga pointi zako kabla hata hujaruhusiwa kupeleka fomu. Viza ikichelewa au ikakataliwa, chumba cha hoteli tunachokuwekea sisi kina masharti ya kughairi tuliyoyasoma. Pointi zilizofungwa ni kilio kingine. Na kumiliki wiki Ufaransa hakukupi viza. Kuna bwana alinibishia kwamba akiwa na “nyumba” kule atapita dirisha la haraka. Hakuna dirisha hilo.

Nikubali hata hivyo kwamba wanaodai taimshea wanalia kwa sababu ya kweli. Vyumba vingi vya hoteli zile vimepimwa kwa familia ya watu wanne. Kwenye hoteli ya Cheyenne utapata kitanda kikubwa na kile cha ghorofa, basi. Sisi tuna watoto wanne, bibi amekuja kutoka Tanga, na mdogo wa mume yupo. Vyumba viwili, mara nyingine vitatu, na hakuna pa kuchemshia uji. Hapo mtu akionyeshwa picha ya nyumba yenye jiko na vyumba viwili vya kulala, lazima roho iende.

Lakini nyumba hizo zipo, na unazipata kwa usiku. Vibanda vya Davy Crockett Ranch, mali ya Disney, viko msituni kilomita chache kutoka bustani, vinalaza mpaka watu sita na vina jiko dogo. Shida yake ni kwamba bila gari huendi popote. Villages Nature, iliyofunguliwa 2017 karibu na hapo, ina nyumba ndogo zenye jiko na bwawa linalopashwa kwa joto la kutoka ardhini. Na taimshea mnayoitaka ipo tayari: kampuni ya hoteli ya Marriott wana kijiji chao Bailly-Romainvilliers, pembeni ya uwanja wa gofu, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, nyumba za vyumba viwili na vitatu vya kulala na jiko kamili. Unaweza kukodi hapo usiku mbili bila kununua chochote. Tumewapeleka watu, wamepika pilau, wamerudi. Ningekuwa na sauti kwa wakubwa wa Disney ningewaambia waongeze nyumba za namna hiyo karibu na geti, wazikodishe kwa usiku, na waache kuuza miongo.

Jihadharini na kitu kimoja mkipiga hesabu zenu wenyewe. Bei ya hoteli ya Disney tunayowapa ni pakeji, tiketi za bustani zote mbili zimo, na asubuhi mnaingia kabla ya watu wa nje. Nyumba ya kukodi ni kitanda tu. Mtu analinganisha kitanda na pakeji, anatuona sisi majambazi, halafu anafika getini na watoto wanne hana tiketi. Wa chini ya miaka mitatu ndiye anayeingia bure.

Na ada yetu, ambayo ndiyo chanzo cha maneno yote. Mkono mtupu haulambwi, na hatuombi radhi kwa hilo. Mnachokilipia hamkioni kwa sababu kikifanyika vizuri hakuna kinachotokea. Chukua majina. Kwetu mtoto hubeba jina la baba, kisha la babu, kwa hiyo baba, mama na watoto wana majina matatu ya mwisho tofauti. Afisa wa Kifaransa anaona watu wazima wawili na watoto wasiofanana nao kwa jina. Tunahakikisha kila jina kwenye barua ya hoteli limeandikwa kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, na vyeti vya kuzaliwa viko kwenye bahasha moja. Bima ya viza lazima ifike euro 30,000 za matibabu, na tumeshakamata zilizopungua. Treni ya moja kwa moja kutoka London mpaka getini iliacha kwenda Juni 2023, kwa hiyo mnabadilisha Lille au Paris, na mwenye kigari cha mtoto na mabegi matano hatumpi dakika kumi na tano za kubadilisha kwa sababu tu tiketi hiyo ni nafuu.

Mnaotaka likizo ya katikati ya muhula ya Oktoba: mara nyingi inagongana na likizo ya Wafaransa na ni msimu wa Halloween, bei iko juu na nyumba za watu sita huisha kwanza. Leteni picha za pasipoti zote, pamoja na ya bibi, kabla hatujawapa bei. Bila pasipoti hatutaji bei tena kwenye simu, na bei tuliyoandika inashikiliwa mpaka tarehe iliyo juu ya karatasi, haivuki hapo.