Mlete mtoto mwenyewe dukani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Siku za karibuni mzazi mmoja wa Muheza aliuliza humu anunue baiskeli gani kwa mwanawe wa miaka 13 aliyepangiwa sekondari iliyo mbali na nyumbani. Akajibiwa na wasomaji wawili. Wa kwanza kamwambia achukue Phoenix ya namba 28, chuma kigumu, mtoto atakua nayo. Wa pili kamwambia achukue ya giya yenye springi mbele na nyuma, ndizo wanazozitaka vijana wa leo. Mimi ni fundi baiskeli hapa Ngamiani, Tanga, na ushauri wa namna hiyo mwishowe hukokotwa hadi kibandani kwangu. Wote wawili sikubaliani nao, na kwa sababu moja: hakuna hata mmoja aliyeuliza mtoto mwenyewe ana kimo gani.

Nianze na hili neno "atakua nayo", maana ndilo linaloniudhi zaidi. Sare ya shule ukimnunulia mtoto kubwa, utakunja pindo, utatia uzi, maisha yataendelea. Baiskeli haina pindo. Zile nyeusi za namba 28, yaani za gurudumu la inchi 28, huja na fremu ya inchi 22 au 24, na bomba la juu la hiyo fremu ya 24, lile linalotoka kwenye kiti kwenda kwenye usukani, liko zaidi ya sentimita 80 kutoka ardhini. Mtoto mwenye urefu wa sentimita 150, kutoka kinenani hadi unyayoni hukuta kama 70 hivi. Hesabu hiyo haihitaji mwalimu. Akiwa ameshapanda na inakwenda, sawa, ataning'inia na kunyonga kwa ncha za vidole. Balaa ni kusimama. Bajaji ikimkatia mbele ghafla, miguu haifiki chini, itabidi ajirushe upande mmoja na mkoba wa madaftari mgongoni, na gari la nyuma nalo linakuja.

Wapo watakaosema sisi tulijifunzia baiskeli za baba zetu kwa kupitisha mguu chini ya bomba. Kweli, na barabara za wakati ule hazikuwa na bodaboda.

Kumpima mtoto ni kazi ya dakika moja. Avue viatu, asimame mgongo ukutani, ashike daftari gumu katikati ya miguu, alipandishe mpaka ligote juu, kama vile amekalia kiti. Piga alama ya penseli ukutani, upime kwa futi ya fundi cherehani mpaka sakafuni. Hicho ndicho kipimo cha kwenda nacho dukani. Bomba la juu liwe chini ya hapo kwa sentimita 3 mpaka 5 angalau. Likizidi hapo, hata ikiwa ya bei ya kutupa, iache.

Kiti nacho kina kanuni yake. Mtoto akae, aweke kisigino juu ya pedeli ikiwa chini kabisa: mguu unyooke bila yeye kuegemea upande. Akihamisha mguu na kukanyaga kwa sehemu ya mbele ya unyayo, kama inavyotakiwa, goti litabaki limekunjika kidogo, na hapo ndipo nguvu inapotoka. Wanaomwekea mtoto kiti chini sana "asianguke" wanamchosha magoti. Utawaona asubuhi pale njia ya Pongwe, magoti yanakaribia kugonga usukani, wanatokwa jasho kabla ya saa moja.

Sasa, watoto wanakua, sikatai. Wasichana huanza kurefuka mapema, wavulana wengi hurefuka ghafla kati ya miaka 13 na 15, na wapo wanaoongeza zaidi ya sentimita 8 kwa mwaka. Lakini kukua huko kunachukuliwa na mrija wa kiti, ile nguzo inayokishikilia na kuingia ndani ya fremu. Tafuta fremu yenye bomba la chini na mrija mrefu, kila likizo unapandisha kidogo. Uchomoe mrija wote uutazame kabla hujalipa: karibu na mwisho wake kuna mistari iliyochongwa, na hiyo mistari lazima ibaki ndani ya fremu siku zote. Mrija ukiwa mfupi kama kiganja, baiskeli hiyo haitamfaa mwaka wa pili.

Ndiyo maana kwa mtoto wa umri huu, wa kike au wa kiume, mimi hupendekeza fremu ya bomba lililoshuka, ile watu waliyoipa jina la "ya kike". Hapa Tanga hakuna cha ajabu, kina mama wanakwenda sokoni na kazini kwa baiskeli na mabuibui yao, hakuna anayegeuza shingo. Shida ni wavulana. Alikuja mzee mmoja na kijana wake wa kidato cha kwanza kuchagua mtumba. Kijana kapanda ya bomba la chini, imemkaa vizuri, kashuka kanuna.

"Fundi, hii wataniita dada."

Baba yake akafungua mdomo kufoka. Nikamwambia, mzee, tulia kwanza. Nikaing'oa kapu ya mbele, nikamfungia keria nyeusi nyuma, usukani wake uliopinda nikautoa nikaweka ulionyooka. Kijana akaizunguka, akaizunguka tena. "Hii ndiyo ileile?" Ileile. Bei ya usukani wa kutumika na nusu saa ya spana. Nawaambia wazazi wasidharau kinyaa cha kijana, kwa sababu baiskeli asiyoipenda ataificha kwa rafiki yake na shuleni atakwenda kwa miguu.

Tuje kwenye giya na springi. Mji wetu ni tambarare. Kutoka Makorora hadi Chumbageni, hadi Sahare, hakuna mlima wa kukufanya utafute giya 18. Mwenye mtoto Lushoto ana haki ya kuzungumzia giya, na hata wa Muheza, ikiwa shule iko upande wa milima ya Amani, basi achukue yenye giya sita nyuma na sahani moja tu ya meno mbele, kwenye pedeli, inamtosha. Huku pwani giya nyingi maana yake ni waya nyingi, na waya za huku huliwa na chumvi. Kile kimkono cha nyuma kinachohamisha cheni kikipigwa teke tu kwenye msongamano wa baiskeli za shuleni, kinapinda, na siku yoyote kitaingia kwenye spoku. Hapo unapoteza kimkono, spoku na cheni kwa mkupuo. Kama mtoto analalamika baiskeli yake isiyo na giya ni nzito, mlete nimbadilishie fraiwili, kile kigurudumu cha meno cha nyuma kinachovutwa na cheni, nitoe ya meno 18 niweke ya 20. Atanyonga kwa wepesi zaidi na hana cha kuharibu.

Springi ya nyuma kwa baiskeli ya bei ya chini ni uzito wa bure. Kila anaponyonga, sehemu ya nguvu inakwenda kubonyeza springi badala ya kumpeleka mbele. Baada ya miezi kadhaa vile vikombe vya kwenye kiungo huisha, mkia wa baiskeli unaanza kucheza kushoto kulia, na vya kubadilisha havipatikani. Tena keria haina pa kukaa. Wanafunga ile inayobanwa kwenye mrija wa kiti peke yake, haina miguu inayoshuka hadi kwenye ekseli. Na sote tunajua mtoto wa sekondari hapandi baiskeli peke yake: anampakia mdogo wake wa darasa la pili. Keria ya mrija huanza kuzunguka, mguu wa mdogo unaingia kwenye spoku. Nimeona visigino vya watoto vilivyochunwa hivyo, na sitaki kuvielezea zaidi gazetini. Keria iwe ya miguu miwili iliyofungwa chini kabisa, na gurudumu la nyuma liwekewe kinga ya wavu pembeni, ambayo pia inazuia sketi na kanga. Kava ya cheni nayo isikosekane.

Jambo jingine ambalo sijui kwa nini limezoeleka: baiskeli mpya za giya kufungwa foki, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, nyuma mbele. Zinatoka kwenye boksi nusunusu, wanaozifunga wako haraka, usukani unageuzwa na foki inabaki inatazama nyuma. Tazama miguu ya foki: breki za mbele lazima ziwe mbele yake, na ncha zinazoshika ekseli zichomoze kwenda mbele. Ikiwa kinyume, baiskeli inayumba na kidole cha mguu kinagonga tairi wakati wa kukata kona. Mzazi anadhani mwanawe hajui kuendesha.

Breki, jamani. Ringi za chuma zinazong'aa zinapendeza dukani, lakini zikilowa maji ya masika raba zinateleza tu, unabana leo unasimama kesho. Ringi za aluminiamu zinashika vizuri zaidi kwenye mvua na hazili kutu, na kwa sisi tunaopigwa na upepo wa bahari hilo si dogo. Kibandani kwangu nina sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu. Ukiigusisha kwenye ringi ikanata, hiyo ni chuma. Isiponata, ni aluminiamu, lipa. Kisha mtoto mwenyewe ashike breki. Mkono wa miaka 13 ni mdogo. Kama vidole viwili havifiki kwenye mkono wa breki bila kuachia usukani, pana kaskrubu kadogo ka kuusogeza karibu. Kama hapana, tafuta nyingine.

Ukiniuliza mimi ningemnunulia nini mtoto wa sentimita 150 wa hapa mjini, nitakuambia mtumba wa Japani wa inchi 26. Fremu ya bomba la chini, ringi mara nyingi ni aluminiamu, kava ya cheni, madigadi, kufuli ya nyuma, na taa ya dinamo kwa wanaotoka nyumbani alfajiri au kurudi twisheni magharibi. Aliye mfupi zaidi, chini ya 140 hivi, aanze na ya inchi 24. Breki ya nyuma ya Wajapani imefichwa kwenye kibati karibu na ekseli, haijali mvua sana, ingawa ikizeeka hupiga kelele mtaa mzima ukajua umerudi. Wengi huikimbia kwa kusema vipuri hakuna. Vipo, ila usome namba. Ubavuni mwa tairi kuna namba mbili zimeunganishwa kwa kistari, kwa mfano 37-590. Ya kwanza ni unene, ya pili ni kipenyo cha pale tairi linapokaa kwenye ringi, vyote kwa milimita. Mjapani wa inchi 26 huwa 590. Baiskeli ya giya ya inchi 26 huwa 559. Zote zinaitwa inchi 26 na tairi zake haziingiliani hata ukipiga nyundo. Watu wamerudisha tairi dukani wakamtukana muuzaji bure kwa kutojua hilo. Andika hiyo namba kwenye simu yako.

Na sehemu ya kujazia upepo ya hizo za Japani kwa kawaida ni ileile ya Phoenix, yenye kampira kembamba ndani. Kampira hako huoza kwa joto letu. Upepo ukiisha polepole usiku kucha, kabadilishe hako kwanza kabla hujamlipa fundi kutafuta pancha isiyokuwepo. (Mafundi wenzangu watanisamehe.)

Pesa zote zisiishie kwenye baiskeli. Bakiza ya pampu, ya kufuli kama haina, ya kiakisi cha nyuma na ya kurudi kwa fundi baada ya mwezi wa kwanza. Hilo la mwisho ndilo linalopuuzwa kuliko yote. Baiskeli ikitoka dukani spoku bado hazijatulia, na boliti zinazoshika mikono ya pedeli hulegea. Mkono wa pedeli ukiendeshwa umelegea, tundu lake la pembe nne linapanuka, na likishapanuka hakuna kukaza kutakakoliponya, ni kununua mpya. Robo mzunguko tu wa spana mapema ingeokoa fedha hiyo.

Wenye maduka nao ninalo la kuwaomba. Bei mnaandika, rangi tunaziona. Andikeni basi na inchi za fremu, maana inchi za gurudumu peke yake hazimwambii mzazi kitu. Na mruhusu mtoto apande azunguke mbele ya duka. Kuna duka hapa mjini ambalo linakataa hadi ulipe kwanza, eti nailoni ya kiti itachanika. Ichanike. Nailoni hiyo hushika maji na kuozesha springi za kiti, mimi ndiye ninayeichana kila siku.

Wako,
Fundi Baiskeli,
Ngamiani, Tanga.