Chunya: mwenye kununua marudio apime zebaki pia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalohusu mitambo mikubwa ya kuchenjua dhahabu huku kwetu Chunya.

Mwaka jana niliuza tripu nane za marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya mawe kusagwa karashani na kuoshwa mwaloni, kwa kampuni kubwa ambayo siitaji jina kwa sababu si hiyo peke yake inayofanya hivyo. Mpimaji wao alichukua sampuli ili ajue dhahabu iliyosalia ni kiasi gani, tukapatana bei. Hakuniuliza habari ya zebaki, na mimi nilinyamaza, ingawa kila mchimbaji mdogo anajua kwamba mchanga wa mwaloni haukosi zebaki, kwa kuwa ndiyo tunayonasia dhahabu.

Marudio hayo huloweshwa kwa sianidi, kemikali ya sumu inayoyeyusha dhahabu iliyosalia ili ikusanywe. Sianidi peke yake, ikihifadhiwa vizuri, huisha nguvu kwa jua na hewa, lakini zebaki haiozi. Na zikikutana, sianidi huiyeyusha zebaki kama inavyoiyeyusha dhahabu, ikawa rahisi kuchukuliwa na maji. Ndiyo maana Mkataba wa Minamata, yaani mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unataka ikomeshwe tabia ya kuchenjua kwa sianidi marudio ambayo hayajaondolewa zebaki. Maji yetu nayo huelekea Ziwa Rukwa, ambalo halina mto wa kutoa maji yake.

Sisemi kwamba kampuni hiyo ni ya hovyo. Bwawa lake la topesumu, yaani tope lenye sumu linalobaki baada ya kuchenjua, limetandikwa plastiki nene, uzio upo, na cheti cha mazingira kimetundikwa ukutani. Hata hivyo, taarifa za vipimo huandaliwa na kampuni yenyewe na kupelekwa NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, wakati sisi kijijini hatujaona hata ukurasa mmoja. Nilipouliza kuhusu zebaki, nilijibiwa kwamba sianidi iko ndani ya kiwango.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inasema mchafuzi ndiye anayelipa. Katika marudio, mchafuzi ni nani? Zebaki niliimwaga mimi, sikatai, lakini aliyeufanya mchanga huo uwe wa hatari zaidi ni yule aliyeuongezea sianidi, naye ndiye mwenye maabara, wataalamu na mtaji. Hawezi kununua dhahabu iliyomo halafu zebaki aihesabu kuwa bado ni ya muuzaji.

Kwa hiyo naomba wahusika waitake kila kampuni ipime zebaki getini kabla tripu haijamwagwa, iiondoe kwanza, na matokeo ya vipimo vya visima, kabla na baada ya masika, yabandikwe kwa Kiswahili kwenye ofisi ya kijiji. Kama gharama hiyo itatushushia bei sisi wauzaji, na ishuke. Nina tripu tano nyingine mwaloni, nazo sitaziuza mpaka nimpate wa kuzipima.

Mchimbaji mdogo,
Makongolosi, Chunya