Kabla hujaleta sabufa kwa fundi, itoe kwanza kwenye kona

Hela ya korosho ikishaingia, sabufa zinatoka dukani kwetu hapa Mtwara karibu kila siku. Baada ya wiki mbili baadhi zinarudi. "Fundi, hii spika imekufa, inavuma tu." Tunaichomeka pale kaunta, inagonga safi. Mwenye mzigo anatutazama kama tumemfanyia kiinimacho.

Spika ni nzima. Kinachovuma ni chumba.

Besi ni wimbi refu. Sauti husafiri hewani mita kama 345 kwa sekunde, kwa hiyo noti ya hezi 43, yaani mitetemo 43 kwa sekunde, ina wimbi la mita 8. Sebule ya mita 4 ni nusu yake kamili: wimbi linapiga ukuta, linarudi, linakutana na linalokuja, na noti hiyo moja inavimba kwenye kuta huku katikati ya chumba ikipotea. Ndiyo maana wewe uliyekaa katikati unasema besi hamna, na shemeji aliyeegemea ukuta anaziba masikio.

Kona inazidisha, maana hapo mavimbe yote ya chumba yanachochewa kwa pamoja. Tunajua kwa nini umeiweka huko: waya unafichika na mtoto hafiki.

Dawa yake ni bure, ila inachekesha. Iweke sabufa juu ya kochi, pale pale unapokaa. Piga wimbo wenye gitaa la besi linalopanda na kushuka. Singeli tuiachie harusi. Kisha funga mlango, majirani wasikuone, utambae kando ya kuta, sikio likiwa chini karibu na sakafu. Kuna mahali itavuma, mahali itakauka, halafu utafika pahali kila noti ina uzito unaolingana. Weka sabufa hapo, wewe urudi kwenye kochi.

Kochi nalo lisogeze mbele kidogo, lisigandane na ukuta. Kama nyuma ya sabufa kuna swichi ya 0 na 180, jaribu zote mbili, ubaki na ile inayojaza zaidi ukiwa umekaa. Trei za mayai usihangaike nazo, haziwezi kuzuia wimbi la mita 8. Na kama kinacholia ni vioo vya luva, hiyo ni kazi ya fundi madirisha.

Ukishindwa, tunakuja nyumbani, mjini hadi Mikindani, tutambae sisi. Tuletee tu urefu na upana wa sebule, hata kama umepima kwa hatua.