Mwanangu, hiyo akaunti usiifute

Baba,

Voisi yako nimeisikiza mara mbili, ya kwanza printa ilikuwa yapiga kelele nikashika nusu tu. Nimeona bora niandike maanake kwa simu utanikatiza kila saa. Umeuliza kama uifute ile akaunti ya X, ile Twitter ya zamani, kabla hujajaza fomu ya viza ya Marekani. Usiifute.

Hizi fomu mimi nazijazia watu hapa saiba wajua mwenyewe, nimezizoea kama zile za ushuru za KRA. Ile DS-160, ndiyo fomu yenyewe ya viza, ukifika kwa mitandao ya kijamii kuna kidirisha ukikibonya chafungua orodha ndefu, Facebook, Instagram, Twitter, na mingine ilishakufa zamani, Vine imo, Myspace imo, Google+ imo, mingine ya Kichina hata kuitamka siwezi. Wachagua, waandika jina unalotumia, kila akaunti ya miaka 5 iliyopita. Paswadi hawaulizi, na ukisikia wakala anakuuliza paswadi eti ya viza, huyo ni mwizi. Hilo swali liko tangu 2019 na wenyewe walikisia litagusa watu karibu milioni 15 kwa mwaka, ila watu walikuwa waandika jina tu na akaunti zao wamezifunga. Kilichobadilika ni Juni 2025, sasa anayeomba viza ya masomo, hizo za aina F, M na J, aambiwa afungue profaili zote ziwe wazi kwa kila mtu ili afisa aingie asome. Kabla ya hapo walisimamisha hata kupanga intavyuu za wanafunzi kama wiki tatu hivi, nakumbuka wazazi walivyokuwa wakija hapa na barua za chuo mkononi wakidhani ni kompyuta yangu ndio mbovu.

Sasa hiyo akaunti 2024 ulikuwa wapigia kelele Finance Bill, ule mswada wa ushuru, mchana na usiku, nusu ya darasa lenu wanaijua na skrinshoti zimebaki kwa simu za watu. Ukiifuta leo halafu usiiandike kwa fomu, umeficha, na ubalozi walishasema wazi mtu akiacha akaunti bila kuitaja aweza kunyimwa viza na hata kufungiwa za mbele. Kulalamikia ushuru si hatia. Uongo kwa fomu ya viza huo ndio wataushika.

Na usidhani mimi ni katika wale wasemao serikali isiangalie chochote. 2008 kwenye zile fujo za baada ya uchaguzi ulikuwa mdogo, zile meseji za kuchochea zilikuwa zaingia kwa simu zetu hizi hizi, fulani watolewe, fulani wamalizwe, na wakafa watu zaidi ya 1,000, ndio maana sheria ya kuunda NCIC, ile tume ya uwiano wa kitaifa, ikapitishwa mwaka ule ule. Mtu akiandika atachoma watu, nami nataka aonekane mapema. Shida yangu ni msomaji. Yule afisa hajui mlikuwa mwacheka nini. Kuna Mwingereza mmoja 2010 theluji ilifunga uwanja wa ndege akaandika Twitter kwa hasira kwamba wasipoufungua ataulipua, ilikuwa masihara matupu, akashikwa, akapatikana na hatia, kazi ikaenda, mpaka 2012 ndio rufaa ikamwachilia. Na Wamarekani wenyewe orodha ya maneno ambayo maafisa wao wa usalama wa ndani walikuwa wayatafuta mitandaoni ilitolewa hadharani 2012, ndani yake kulikuwa na theluji, mawingu, na hata nguruwe, nadhani sababu ya yale mafua ya nguruwe, sasa fikiria.

Lakini kisa kilichoniuma zaidi ni cha 2019, kijana wa Kipalestina wa miaka 17 kutoka Lebanon, amepata Harvard, ametua Boston, simu na laptopu zikachukuliwa na mwenyewe alisema aliulizwa kuhusu posti za marafiki zake, si zake, za marafiki. Akarudishwa. Siku chache baadaye wakamkubali akaingia, lakini hebu wazia mamake usiku ule.

Kwa hivyo keti ufanye hivi. Pitia posti zako mwenyewe kabla hajazipitia mtu mwingine. Nilizichungulia juzi (ndio, nakufuata, ile akaunti yenye picha ya paka ni mimi) nikakuta umeandika 2022 Arsenal wamefungwa eti "nitaua mtu leo", na ingine hosteli haina maji ukasema mtailipua. Hizo toa. Ukiulizwa sema nimezitoa ni upuzi wa mpira, hakuna la kuficha hapo. Za Finance Bill acha zikae.

Halafu kufungua profaili si kwa afisa peke yake, wafungulia dunia nzima, matapeli wamo na wasio na kazi wamo. Namba yako ya simu itoe. Ile picha ya geti letu itoe. Na picha za dadako zote toa, hasa zile za harusi, walikuwa ukumbi wa wanawake na hujamuuliza mtu. Viza umeomba wewe, yeye hakuomba chochote. Hili ndilo lanikera kabisa na hii sheria yao, kwamba mtu mmoja akiomba kwenda kusoma, nyumba nzima inaanikwa.

WhatsApp meseji zimefungwa tangu 2016 hakuna wa kuzisoma njiani, lakini simu ikiwa mkononi mwa afisa na iko wazi, kufuli hilo halina kazi. Pale uwanja wa ndege wana mamlaka ya kukagua simu, nawe si raia, ukikataa waweza kugeuzwa. Nenda kwa settings uzime ile ya kuhifadhi picha na vidio za magrupu kwa galari, na kwa hilo grupu lenu la hosteli jitoe, vidio za huko hata mimi mamako sizielewi sembuse afisa wa Boston.

Nikikwambia usiifute usidhani siogopi. Albert Ojwang alikuwa mwalimu, Juni 2025 alichukuliwa kwao Homa Bay kwa posti ya kumhusu mkubwa wa polisi, akaletwa Nairobi, keshoye ni maiti. Polisi wakasema amejigonga ukutani, madaktari waliompasua wakasema majeraha hayafanani na hayo. Babako tangu hapo akiona wewe uko "online" usiku hulala akigeuka. Sikuombi ukae kimya, sijui kama ingesaidia. Nakuomba ukiandika, andika kitu waweza kukisimamia mbele ya mtu asiyekupenda.

Pesa ya SEVIS, ile ada ya kusajili wanafunzi wa kigeni, dola 350, mjomba wako atatuma Ijumaa, ile 185 ya viza ninayo. Picha usipige na miwani, hawaitaki tangu 2016, na nyuma kuwe kweupe. Ukimaliza fomu usibonye kutuma kabla hujanipigia, nataka niisome yote.

Mamako